Safari ya Kuitwa Baba

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Leo miezi mitano kamili tangu Nyaberi aingie nyumba hii. Ana miaka minne na ulimi mzima. Mke wangu Jerusa anaitwa Mama tangu wiki ya pili. Ng'ombe anaitwa Sofia. Jogoo anaitwa Mzee, na hilo jina alimpa yeye mwenyewe. Mimi naitwa Wewe.

Wewe, maji yamechemka. Wewe, Mama anakuita. Asubuhi hii kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, mbele ya karani wa mizani na wakulima wote wa huku Sigowet, alisimama kando ya kikapu changu akasema Wewe, kamasi. Nikampangusa. Wanaume wenzangu wakageuka kutazama milima kwa heshima.

Simlaumu. Mama yake mzazi alikuja kutoka Kisii kuchuma chai kwenye shamba kubwa, akafa, na hakuna ndugu aliyekuja kumtafuta mtoto. Kanisa na afisa wa ustawi wakatukabidhi sisi, baada ya miaka tisa ya kungoja wetu wasiokuja. Nilipomwona kwenye benchi la kanisa amevaa viatu vya mtu mkubwa, miguu haifiki chini, nilisema huyu. Sikuuliza la pili.

Jioni, barua kutoka kwa kaka yangu Kiptanui wa Mulot. Anauliza kama mtoto wangu ameanza kuongea. Yeye ana saba, na wote humwita Baba kwa pamoja kama kwaya. Anaongeza kwamba mtoto asiyekuita baba ni mgeni tu, na wageni huondoka. Nimeisoma mara mbili. Nimeichoma. Bado naikumbuka yote.

Nimeamua. Kabla wiki hii haijaisha nitaitwa Baba. Nina mpango.

Jumanne, 3 Agosti

Mpango: mtoto hujifunza kwa kusikia. Kwa hiyo tangu alfajiri nimekuwa nikijitaja kwa sauti. Baba anavaa gambuti. Baba anakunywa chai. Baba anakwenda kuchuma majani, Baba amerudi, Baba amechoka.

Saa saba mchana Nyaberi alimuuliza Jerusa huyo Baba anayesemwa siku nzima ni nani, na atafika lini. Jerusa akaingia jikoni kwa haraka. Nilimsikia akicheka ndani ya sufuria.

Jirani yangu Nyakundi naye alikuwa amesikia kutoka upande wa pili wa ua. Akauliza kama nimepata mgeni.

Jumatano, 4 Agosti

Mpango wa pili: peremende. Niliketi mlangoni na pakiti nzima, nikatangaza kwamba atakayesema Baba atapata moja. Nyaberi akaitazama peremende, akanitazama mimi, akasema ameshakunywa uji.

Watoto wa Nyakundi walikuwa juu ya mpera. Wakateremka wote wanne. Wakajipanga mstari, wakaniita Baba mmoja mmoja, wakarudi nyuma ya mstari wakaniita tena. Pakiti iliisha kabla sijapata sababu ya kukataa. Baadaye baba yao alikuja, akauliza kwa upole nataka nini na watoto wake.

Siku mbaya. Lakini dereva wa lori la mahindi ameleta salamu za Mama, mama yangu mzazi, kutoka Mulot, na katika salamu hizo nimeona njia.

Alhamisi, 5 Agosti

Niandike vizuri ili nisisahau. Kwetu sisi Wakipsigis mtoto akizaliwa, akina mama wazee hukaa naye na kutaja majina ya watu wetu waliokufa, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi naye. Ugoro kidogo puani humsaidia mtoto asichelewe. Nyaberi ametujia akiwa na miaka minne, lakini Mama anasema aliyeingia kwa mlango naye ni wetu. Aletwe Jumamosi. Atatajiwa majina, na sala itatangulia ili mchungaji asinung'unike.

Nataka jina moja tu. Taprandich. Huyo ni nyanya yangu mzaa baba, aliyenilea Mama alipougua. Mtoto mwenye jina la nyanya yangu ataniitaje Wewe? Isitoshe, Kiptanui alilitamani jina hilo kwa wasichana wake wawili, na wote wawili walipiga chafya kwingine.

Nimeagiza ugoro kutoka sokoni. Ule mkali. Mwenye kuuza aliniuliza ni wa nani, nikasema ni wa mtoto. Akataka kuninyang'anya.

Jerusa nimemtanguliza Mulot leo. Nataka mtoto asafiri na mimi peke yangu. Jerusa asipokuwepo atamwita nani? Jerusa aliuliza napanga nini. Nikasema sipangi kitu. Akasema anakijua hicho kitu.

Chakula cha jioni nilipika mimi. Ugali uliungua. Nyaberi alikula katikati, akaacha kingo, akasema Wewe, pole.

Ijumaa, 6 Agosti

Tumefika Mulot. Niandike.

Kericho tulipanda basi la Bomet. Nyaberi amevaa gauni la kanisani, mimi koti la kaki. Nikamvuta kondakta pembeni. Nikamwomba, kama rafiki, tukiwa njiani amuulize mtoto kwa sauti kubwa anasafiri na nani. Niliona hesabu yote kichwani. Ataulizwa na mtu mwenye kofia, ataogopa, atasema Baba.

Kondakta alikuwa mtu wa kufanya kazi yake. Alisubiri basi litulie. Akauliza kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma, mtoto mzuri, huyu unayesafiri naye ni nani wako?

Nyaberi akanitazama kwa makini. Akasema ni huyu anayekaa kwa Mama.

Kondakta akauliza mama yuko wapi. Nyaberi akasema alipelekwa mbali jana. Na huyu ndiye aliyempeleka.

Mama mmoja mwenye kuku akamvuta Nyaberi akamketisha kwenye mapaja yake. Nikasema mimi ni baba yake kwa karatasi ya serikali. Wakasema tuone karatasi. Karatasi ilikuwa kwenye koti lile jingine, Sigowet, nyuma ya mlango. Mzee mmoja akasema nisikimbie, yeye amewahi kukimbiza swala.

Litein tuliteremshwa. Basi zima liliteremka nasi, hata waliokuwa na haraka. Askari wa chifu akaletwa, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Akachuchumaa mbele ya mtoto. Akamwambia asiogope. Amwambie tu anajua nini juu ya mtu huyu.

Na Nyaberi, ambaye kwangu hasemi zaidi ya maneno matatu, akasema yote. Kwamba naweka sukari vijiko vinne Mama akigeuka. Kwamba nikilala nakoroma, kisha naamka kuuliza nani anakoroma. Kwamba namwogopa bata mzinga wa Nyakundi na ninapita njia ndefu. Kwamba Sofia alipougua nililia zizini, nikasema ni moshi. Kwamba mvua ikipiga bati kwa nguvu ninakuja kukaa karibu na kitanda chake mpaka iache, nikidhani amelala.

Askari akasimama. Akasema kwake kesi imeisha, hakuna mwizi wa watoto anayejulikana hivi. Mama mwenye kuku akanirudishia mtoto. Wote tukapanda. Mzee wa swala akaniuliza kama bata mzinga huyo ni mkubwa sana.

Kutoka Bomet tulipata lori la Mulot. Njiani Nyaberi alishika kidole changu cha shahada, hakukiachia mpaka tulipofika. Nilikuwa na furaha ya kunitosha mwaka mzima. Lakini hakusema Baba. Nilihesabu vilima vyote na hakusema.

Jumamosi, 7 Agosti

Aibu. Aibu yenye jina.

Mambo yalianza vizuri. Kiwanja cha Mama kimefagiliwa, mikeka imetandikwa, akina mama wazee sita wameketi. Wataja majina walimweka mbele Shangazi Dorcus, anayeyajua yote ingawa macho yake sasa ni hafifu. Nilikuwa nimempelekea robo ya sukari mapema, tukaelewana: nikikohoa, anataja Taprandich. Mimi nitakuwa kando ya mtoto na ugoro kiganjani. Jina likitajwa, napuliza.

Kiptanui alisimama kwenye kivuli cha ghala na watoto wake saba. Amevaa kofia mpya.

Mama akaomba sala. Shangazi akaanza kutaja, polepole, kwa heshima. Nikakohoa. Akasema Taprandich. Nikapuliza.

Upepo wa Mulot saa tatu asubuhi hutoka upande wa Narok na hugonga uso. Nimezaliwa hapo. Nimelelewa hapo. Nilichunga mbuzi hapo miaka minane.

Ugoro wote ulirudi kwangu. Nilijizuia, Mungu anajua nilijizuia, nikabana pua kwa mikono miwili, na kwa muda huo Shangazi akaendelea na jina linalofuata. Ndipo ikatoka. Chafya ya kwanza iliangukia Tabutany. Tabutany! Yule nyanya mkubwa aliyerudishwa kwao mara mbili kwa ugomvi, na mara zote mbili alirudi na kibuyu cha maziwa kisicho chake.

Shangazi, ambaye haoni vizuri, akatupa mikono juu akasema Tabutany amerudi. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha mmoja akasema kwa upole, Dorcus, si mtoto aliyepiga chafya. Ni Pethwel.

Pethwel ndiye mimi. Wazee wetu hawajawahi kuiweza ile herufi ya kwanza ya Bethwel.

Nilipiga chafya tisa. Macho yalivimba, masikio yakaziba, nikawa napapasa ukuta. Katika machozi nilimwona Nyaberi anacheka. Hajawahi kucheka hivyo kwetu, kwa tumbo zima, ameinama. Kisha akaacha kucheka. Midomo yake ikasema kitu. Watu wote wakageuka kunitazama. Mama akajifuta macho kwa leso. Kiptanui akavua kofia, akaivaa tena. Mtu akanimwagia maji ya ndoo kichwani.

Nilipopata masikio nilimuuliza Jerusa mtoto alisema nini. Jerusa akasema, alisema mpeni Baba maji.

Simwamini. Jerusa ni mwema mno. Aliwahi kuniambia naimba vizuri.

Nikamuuliza Mama. Mama akasema ni kweli, Pethwel, alisema wazi. Lakini Mama ni mama yangu. Nikamuuliza Kiptanui, maana adui hasemi uongo wa kukufurahisha. Akasema wakati huo alikuwa anatazama ng'ombe.

Jina halikuhitaji chafya. Mama amesema anayemwona mtu ana shida akaitisha maji kabla ya watu wazima, huyo ni Taprandich mwenyewe, anamkumbuka. Na lile alilopewa na mama yake mzazi libaki mbele, maana hakuna aliyemnyang'anya mtu mtoto hapa. Nyaberi Taprandich. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Ugoro, niliwaambia.

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani. Mchungaji alinisalimia kwa jina la Tabutany.

Watoto saba wa Kiptanui pia. Kwa pamoja.

Nilikaa karibu na Nyaberi ibada nzima nikimtegea sikio. Alilala kwenye mkono wangu tangu wimbo wa pili. Mkono ukafa ganzi hadi begani na sikuuondoa. Jerusa alinong'ona kwamba mtu mwenye akili angeridhika. Nikamnong'oneza kwamba mtu mwenye akili husikia kwa masikio yake.

Jumanne, 10 Agosti

Nyumbani. Majani yamekomaa kupita kiasi, Nyakundi alichuma aliyoweza. Nimemshukuru. Bata mzinga wake ameongezeka kimo.

Nimeketi mezani tangu asubuhi kuandika mpango mpya, na huu hauna tundu. Nimechunguza mambo yote ya Jumamosi. Kama kweli mtoto alisema neno lile, alilisema nilipokuwa na shida. Basi lazima niwe na shida tena, lakini kwa utaratibu, karibu naye, masikio yakiwa wazi. Nitaanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala. Kuanguka kidogo tu, upande wenye nyasi. Jerusa awe mtoni, asije akasema yeye ndiye aliyesikia. Nyakundi aitwe mapema awe shahidi, na aje bila bata. Nikishasikia, nitamwandikia Kiptanui barua ndefu.

Kazi inakwenda taratibu kwa sababu ya usumbufu. Nyaberi ameingia mara tatu. Mara ya kwanza, Baba, chai imemiminwa. Nikamwambia nakuja. Mara ya pili, Baba, chai inapoa. Nikamwambia nina kazi ya kichwa, asinichanganye. Mara ya tatu alileta kikombe mwenyewe kwa mikono miwili, nusu ikiwa imemwagikia miguuni mwake, akasema Baba, nimekuwekea vijiko vinne. Nilimwambia asante, aweke hapo, na nikamwomba sana aende akacheze nje, maana natafuta jambo muhimu na nahitaji kimya.