Chai Itarudi

Jumatatu, 7 Juni 1971
Mwalimu Angwenyi kaandika ubaoni: resilient. Nilijua maana, lakini mkono ulikataa kuinuka. Atakayeleta mfano bora Ijumaa ya wiki ijayo atatunza ufunguo wa kabati la vitabu. Ufunguo! Nyangau wa darasa letu naye anautaka, na yeye husoma viberiti tu. Kamusi yasema: chenye kurudi katika hali yake baada ya kupindwa au kupigwa.

Jumanne, 8 Juni
Nimepata! Chai. Hukatwa, huchipua. Wazazi wamekwenda matangani Marani. Nimeshika panga, nimekata mstari mzima wa kule mtoni, hadi magotini. Kufikia Ijumaa ile utakuwa kijani.

Jumatatu, 14 Juni
Vijiti vitupu. Dada Kemuma kacheka hadi akakaa chini. Kumbe huchukua miezi! Ningejuaje? Wakipogoa, mimi huwa mgombani nasoma. Nimefunika mstari kwa majani ya migomba. Baba asiteremke huko.

Alhamisi, 17 Juni
Kateremka. Kauliza ni nani. Nikamwambia Baba, "Tata, itarudi." Akasema hata mimi nitarudi, shambani moja kwa moja, na vitabu nitaviona kanisani. Alikuwa keshakata fimbo Bwana Shamba Ombui alipotokea. Kainama, kapapasa mikato.
"Mzee, umenitangulia. Nilikuja kukwambia huku chini pakatwe mwezi huu."
Baba kakohoa. Kasema ndiyo, tulipanga na kijana. Fimbo ikafukuza kuku. Nimekula ugali mara mbili. Shule ipo!

Ijumaa, 18 Juni
Nyangau kavuta mpira wa manati mbele ya darasa. Ukakatika, ukamchapa mdomo. Safi. Nikatoa kijiti changu. Mwalimu kauliza kimerudi wapi. Nikakirudisha mfukoni.
Kisha Bochaberi wa dawati la nyuma kasimama bila kitu mkononi. "Jumatatu upepo uliezua nyumba yetu. Jumanne nilikuwa hapa."
Kapewa ufunguo. Haki yake. Baadaye kaniambia nichague kitabu chochote, mradi nisikikate.

Jumapili, 20 Juni
Nasoma mgombani. Raha. Kemuma kakata mgomba mmoja jana jua lilipotua, Sabato ilipokwisha. Leo asubuhi kiini kimechomoza urefu wa kidole kizima! Usiku mmoja tu! Mwalimu lazima aone. Mmoja hautamshawishi, lakini Mama ana shamba zima la migomba, na kesho anakwenda sokoni.
Panga nimeshalinoa.