Kifaa cha Mpwa Wangu na Ubavu Wangu wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Mpwa wangu, fundi wa vifaa vya hospitali, kanibandika mkono wa kushoto kifaa alichokibuni. Kidogo kama kizibo cha soda, kinapima sukari mwilini kutwa kucha na kutuma namba kwenye simu yake na ya mke wangu. Wagonjwa kumi wa kisukari tunakijaribu. Ijumaa wakubwa wake wataamua kiendelee au kifie kabatini. Miaka mitatu ya jasho lake! Kaniomba nisimwangushe. Nikamwapia. Saa kumi nikala keki, vipande viwili tu. Saa kumi na nusu kapiga simu kuniuliza nimekula nini. Kidude kina kimbelembele.

Jumanne, 4 Machi
Baada ya chakula nikajilaza ubavu wa kushoto. Nikaamshwa na mlio wa simu ya mke wangu: sukari imeshuka mno! Kakimbia na soda, kaninywesha kwa mkono wake. Soda, katika nyumba ilimopigwa marufuku! Nami mzima wa afya. Nikang'amua: mkono ukilaliwa, kifaa kinashusha namba. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 5 Machi
Nimelalia mkono mara tatu. Soda tatu. Wakaninyima sindano ya jioni ya kushusha sukari, eti nisije nikazimia. Jirani yangu seremala, naye yumo kwenye majaribio, anajitapa namba zake zimenyooka. Nikamwambia zangu zina uhai zaidi. Kisha mpwa kapiga, sauti imekwisha. Wenzangu tisa hawana neno, mimi tu naporomoka, na kosa halioni. Nikaona aibu kwelikweli. Nikanywa soda kuipoza.

Alhamisi, 6 Machi
Kiu. Macho yana ukungu. Chooni mara kumi na moja. Mpwa kaja bila hodi, kanikuta kitandani, ubavu uleule. Kifaa kinasema sukari ni tatu, chini mno. Kanitoboa kidole, kapima damu yenyewe: kumi na tisa! Kaniinua, kaikodolea macho simu, namba ikaanza kupanda yenyewe. Akauliza huwa nalalia upande gani. Mke wangu akamjibu kabla sijafungua mdomo. Halafu akalia, akasema yeye anataka mume, si picha ya ukutani. Hilo limenichoma. Sindano mbili, maji lita tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Kifaa kimepita! Sharti moja: kikilaliwa kitambue kimelaliwa. Mpwa kawaambia wakubwa kosa limegunduliwa na mjomba wake. Hakusema kwa njia gani. Mtoto ana adabu. Nikaapa mbele yake na mke wangu kwamba sitalalia tena mkono huu maisha yangu yote. Mke wangu kanipikia mwenyewe, kanitazama kwa huruma. Mpwa akabandua kifaa, akakihamishia tumboni ili nisipate taabu.

Naandika haya nimelala kifudifudi, shingo upande. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Dakika ishirini sasa na simu ya mke wangu haijalia. Nimeongeza mto chini ya tumbo.