Kofia ya Bwana Pole

Kuna wanaokula kwa jasho, na kuna wanaokula kwa kurithi. Bwana Pole alikula kwa neno moja, na neno lenyewe ndilo watu walilomfanyia jina. Kila asubuhi aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha picha za eksirei hospitalini, koti jeupe limenyooka kwa pasi, akiwasubiri wanaotoka na bahasha kubwa. Aliyetoka akilia hakumhusu, maana huyo ameshapewa jina la ugonjwa wake. Alimtaka aliyetoka ameduwaa.

Siku hiyo akatoka mama mmoja, fundi cherehani, tepu ya kupimia ingali shingoni. Vidole viwili amevikandamiza pembeni mwa pua, chini ya macho.

"Pole, mama," akasema Bwana Pole. "Wamekwambia hakuna kitu?"

Mama akasimama. "Umejuaje?"

"Paji la uso zito. Mashavu yanabana utadhani yamevimba, ukitazama kioo, wapi! Ukiinama, kichwa kinagonga."

Yote kweli tupu, wala si muujiza. Mlango wa daktari, hatua mbili tu kutoka benchi lile, haukuwa na komeo, na mama alikuwa ameyasema hayo yote kwa sauti dakika chache zilizopita.

"Mwaka wa nne huu," mama akaketi. "Nimepimwa macho, meno, pua, damu. Kila mmoja ananipa habari njema. Nyumbani wifi yangu anasema naumwa ugonjwa wa kukwepa vyombo. Nikijilaza, anagonga masufuria makusudi. Juzi mume wangu naye kaniuliza, 'Hivi kweli kinauma?'"

Kichwa alishakizoea, ila swali lile lilimchoma.

Tusimnyime mtu haki yake: Bwana Pole alikuwa tapeli, lakini katika jengo lile lote ndiye pekee aliyekuwa na muda wa kusikiliza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

"Mama, ugonjwa wako una jina. Mgandamizo-uso sugu, daraja la pili."

"La pili?"

"La kwanza hupona lenyewe. La tatu hatulitaji. Nitakuandikia cheti, na muhuri juu. Mgonjwa apumzike kila alasiri, chumba kiwe kimya." Akafikiri kidogo. "Na asiguse vyombo."

Mama alikuwa ameinamisha macho, na macho yakatua kwenye koti. Chini ya mfuko wa kulia palikuwa na kitanzi kidogo cha kitambaa. Alikijua. Alikishona mwenyewe, kwa oda ya muuza nyama wa sokoni, aliyetaka mahali pa kuning'iniza kisu. Bwana Pole alilinunua koti hilo kwenye mitumba, akaona kitanzi, akashukuru, akaning'iniza humo kipimo cha kusikilizia moyo.

Fundi mzuri hapitishi mkasi kabla ya kupima.

"Wifi yangu atakiamini hicho cheti?"

"Akiona muhuri atasimama wima."

"Basi andika. Malipo je?"

Siku nyingi Bwana Pole aliona upara wake unamshushia heshima kazini. "Wewe si fundi? Nishonee kofia, ya mtu msomi. Nitaivaa kutwa."

"Kutwa?"

"Haitanitoka kichwani, mama."

"Inamisha kichwa, daktari." Akampima mara mbili. Mara ya pili akatabasamu.

Cheti kilifanya kazi kuliko vidonge vyote vya miaka minne. Wifi alikisoma mara tatu, hasa pale pa vyombo, kisha akaosha masufuria polepole kama anaosha mayai. Mume akaleta maji kitandani, akasema, "Nisamehe, mke wangu." Kichwa kiliendelea kuuma vilevile, lakini sasa mama hakuumwa peke yake.

Na kofia ikafika: nyeusi, bitana laini, ukingo mgumu. Bwana Pole aliivaa siku hiyohiyo, na kweli haikumtoka. Siku ya tatu paji la uso likaanza kubana. Akalaumu jua. Wiki ya pili mashavu nayo yakaanza kubana, akalaumu chumvi. Wiki ya tatu akaliacha koti nyumbani, akaingia kwa daktari kama mgonjwa, na kwa kuwa ni mtu wa adabu, akavua kofia mlangoni. Akapigwa picha. Ikatoka safi.

"Huna kitu, bwana," daktari akamwambia, akaita mwingine.

Bwana Pole akatoka na bahasha kubwa, akavaa kofia, akaanguka kwenye benchi, safari hii upande wa wateja. Vidole viwili pembeni mwa pua.

"Wamekwambia hakuna kitu?"

Akageuka. Yule fundi, amekuja kwa kipimo kingine.

"Mama! Mke wangu anasema nadeka! Naapa kinabana, niamini!"

"Si ujiandikie cheti."

"Cheti ni uongo! Mimi si daktari!"

Benchi zima likageuka. Mama hakushtuka.

"Najua. Koti lako nilimshonea muuza nyama." Akamvua kofia, akatoa wembe mkobani, akafumua mshono mmoja wa nyuma, akairudisha kichwani. "Nilikupunja upana wa kidole."

Kitu kikaachia. Bwana Pole akajipapasa mashavu, akataka kucheka, akataka kupiga kelele. Alikwishafungua mdomo alipoona vidole vya mama vimerudi palepale, chini ya macho.

"Na chako?" akauliza.

"Changu hakina mshono."

Yeye alikuwa ameteseka wiki tatu, na jana yake alikuwa amelia mbele ya mke wake ili aaminiwe. Mama anaingia mwaka wa tano. Bwana Pole akavua kofia, akaipakata.

"Pole, mama," akasema.

Akatafuta la kuongeza, kama ilivyo desturi ya kazi yake, asilipate. Neno hilo alikuwa ameliuza miaka mingi. Safari hii lilimtoka bure, na mama, aliyezoea kutambua kitambaa cha kweli kwa kukigusa tu, akalipokea.