Waraka Na. 14 Kuhusu Kingamwili Kushuka Bila Ruhusa

Kwa mamlaka niliyopewa, pamoja na mengine niliyojitwalia njiani, natangaza rasmi kwamba katika Hospitali ya Wilaya ya San Blas del Monte, hapa Paraguay, hakuna kingamwili itakayoshuka bila barua. Hayo ndiyo maneno ya Waraka Na. 14. Nayajua vizuri kwa sababu niliyaandika mimi, Wilfrido Ocampos, Mkuu wa Kitengo cha Ufuatiliaji wa Kinga ya Watumishi. Kitengo kina mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila mtumishi aliyechanjwa korona anapimwa damu kila baada ya miezi mitatu, tujue askari wa mwilini mwake bado wako lindoni au wameshalala. Mwanzoni, baada ya dozi ya pili, mambo yalikuwa moto. Mkurugenzi wetu, Dokta Fulgencio Recalde, alipata elfu mbili na mia moja, akaibandika nambari hiyo mlangoni pake chini ya cheti cha chuo. Tukampigia makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Miezi sita baadaye, Zunilda wa maabara akaniletea karatasi mpya. Nambari zilikuwa zimeporomoka, za wakubwa kwa wadogo.

"Zunilda, nini hii? Mashine imelewa?"

"Mashine nzima, bosi. Kingamwili hushuka kadiri siku zinavyokwenda. Ndivyo mwili ulivyo. Na nambari peke yake haikuambii nani yuko salama. Tazama umri wa mtu, maradhi yake, na kazi anayofanya."

"Nani aliidhinisha?"

"Aliidhinisha nini?"

"Kushuka."

Akaniangalia vile unavyomwangalia mbwa aliyevalishwa tai, akaenda zake.

Nikampelekea Mkurugenzi. Nilimkuta anakunywa tereré, chai yetu baridi ya majani, peke yake. Tangu Waraka Na. 9 tulipopiga marufuku kuzungusha kikombe kimoja na mrija mmoja, hospitali nzima ilikuwa ikinywa majani yake kwa huzuni, kila mtu na chupa yake ya maji ya barafu. Akasoma. Akafyonza mpaka mrija ukalia.

"Wilfrido, hawa watu wanashusha makusudi."

"Hata mimi nimeliona hilo, Dokta."

Sikuwa nimeona chochote. Lakini saa hiyohiyo nikaketi nikaandika Waraka Na. 14: anayekusudia kushusha kingamwili aombe siku kumi na tano kabla, kwa folda ya njano, na nakala tatu za kitambulisho. Mtacheka, lakini watu wawili waliomba kweli. Mmoja nilimkatalia.

Kisha akaja Ña Deolinda. Ña ndiyo heshima tunayompa mama mtu mzima, na huyu alistahili: miaka sitini na mitatu, ana kisukari, dobi wa mashuka ya wodi ya korona. Mdogo wake, Lorenza, walikuwa wakifua naye beseni moja. Tulimzika Lorenza kabla chanjo hazijafika. Mimi mwenyewe Ña Deolinda amenifuta kamasi utotoni.

"Wilfrido mwanangu, nasikia zimekuja dozi za tatu."

"Zimekuja kumi na mbili, Ña Deolinda. Ni za uongozi."

"Uongozi mko wangapi?"

"Tisa."

"Na hizo tatu?"

"Za akiba ya uongozi."

Akacheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. "Naogopa, mwanangu. Kila nikifungua gunia la mashuka namwona Lorenza. Nipe dozi moja tu. Au nitoe pale mpaka ipatikane."

Nikamwambia aandike barua. Akaandika. Nikaitia kwenye folda ya njano, na folda nikaiweka chini ya folda nyingine. Niliona aibu, sikatai, ila aibu yenyewe haikuwa na mhuri, kwa hiyo sikuishughulikia.

Mwezi wa tisa tangu dozi ya pili, Mkurugenzi akataka Orodha ya Heshima itundikwe getini, kila mtu na kingamwili zake, raia waone wanaongozwa na nani. Damu zikapimwa upya. Mkurugenzi: thelathini na tisa. Ña Deolinda: elfu moja mia nane, maana aliugua korona mwaka uliotangulia kabla ya kuchanjwa, na mwili wake, alisema Zunilda, ulikuwa umesoma darasa mara mbili. Yangu haikuwepo. Mkuu wa Kitengo cha Ufuatiliaji wa Kinga huzimia akiona sindano. Siku za chanjo nilishikwa na wanaume wawili, na nililia.

"Dobi anishinde mimi?" akauliza Mkurugenzi.

"Haiwezekani, Dokta."

"Basi isiwezekane."

Nikakaa kwenye kompyuta. Elfu moja mia nane nikampa Dokta. Thelathini na tisa nikampa Ña Deolinda. Mimi, kwa kulinda nidhamu, nikajiandikia elfu moja mia saba tisini na tisa. Tena kwa kiherehere changu, bila kutumwa na mtu, nikaipeleka orodha kwa mthibitishaji wa hati mjini, akaigonga mhuri kila ukurasa. Kwetu karatasi isiyo na mhuri wake ni ya kufungia mikate. Ikiwa nao, hata askofu huisoma amesimama.

Orodha ikatundikwa Ijumaa. Jumatatu ikaingia amri ya ofisi ya mkoa: wagonjwa wamezidi. Wenye kingamwili nyingi kuliko wote waingie wodi ya korona mara moja, bila kujali vyeo walivyo navyo. Wenye chache kuliko wote wachomwe dozi ya tatu leo na wahamishiwe kazi nyepesi. Orodha iliyothibitishwa itumike kama ilivyo.

Zunilda akasimama mbele ya orodha, kisha mbele yangu. "Hii si nambari ya Ña Deolinda."

"Najua."

"Ana miaka sitini na mitatu, ana kisukari, anafua mashuka ya wodi. Mimi ningemchoma hata bila nambari." Akafungua jokofu la chanjo, ambamo dozi za uongozi zilikuwa bado zinangoja kibali. "Kwa hiyo sijaona kitu."

Mkurugenzi alikuwa ameiva uso. "Badilisha hiyo orodha!"

"Ina mhuri, Dokta."

"Uondolewe!"

"Ili uondolewe, mimi na wewe tuape mbele ya mthibitishaji kwamba tulidanganya. Nakala tatu."

Akafyonza mrija. Kikombe kilikuwa kitupu, lakini aliendelea kufyonza.

Tuko wodini wiki ya pili sasa. Dokta Recalde, ambaye kwa miaka minane alikuwa akiingia humu na wapiga picha tu, anageuza wagonjwa na kumwaga vyombo vya haja. Mimi nasukuma vitanda ndani ya suti ya plastiki, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, na kila kikohozi nakisikia kikiniita jina. Nimeogopa, jamani. Sikujua dobi huogopa hivi kila siku kisha hufua.

Juzi Dokta alinivuta pembeni. "Wilfrido, andika barua. Sema kingamwili za Mkurugenzi zimeshuka."

"Ni siku kumi na tano kabla, Dokta. Folda ya njano."

Alinitukana kwa Kiguarani, lugha ambayo tusi lake huingia mpaka kwenye uboho. Kisha akaenda kutafuta folda.

Barua za watumishi siku hizi hupokelewa na Ña Deolinda. Ndiyo kazi nyepesi aliyopewa: kiti, dirisha, feni, na plasta ndogo begani ambayo hajataka kuibandua. Aliikagua folda ya Dokta, akahesabu nakala za kitambulisho, moja, mbili, tatu, akagonga "Imepokelewa".

"Siku kumi na tano si nyingi, Dokta," akamwambia kwa upole. "Mimi nilingoja zaidi."

Akaiweka chini ya folda nyingine. Yangu iko chini ya hiyo.