Mahari kwenye Kadi ya Macho

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Mabanga.

Mwaka wa thelathini na tatu tangu nishuke mlimani, kule juu ya Suam, na godoro moja, mke mmoja na kamusi tatu. Nahesabu mwenyewe, maana hapa Bungoma hakuna wa kunihesabia. Jelimo anasema hata yeye alishuka siku hiyo hiyo, na ndiye aliyebeba godoro. Kweli. Mimi nilibeba kamusi.

Habari kubwa. Jumamosi mjukuu wetu Jepkorir anaolewa na Derrick, mjukuu wa jirani yangu Wanyonyi. Ng'ombe wa mahari walikwisha kuja, wazuri, sina neno. Neno langu ni la somo. Mchungaji amesema ibada ina nafasi ya mzee mmoja tu wa kusoma Biblia. Upande wa Wanyonyi una watu wa kujaza kanisa na wengine wakabaki nje: kwaya, mpiga tarumbeta, mashangazi kutoka Kabuchai. Upande wetu ni mimi, Jelimo, na binamu yangu Kiplimo akiweza kutoka mlimani. Wengine walitawanyika mwaka ule wa mapigano na hawakukusanyika tena. Nisiposoma, msichana ataolewa kana kwamba aliokotwa.

Kwa hiyo nitasoma! Mchungaji atatujaribu sote wawili Ijumaa. Asiyekwama ndiye.

Tatizo dogo. Asubuhi nilifungua Biblia nikaona siafu. Nikaisogeza mbali. Siafu bado. Nikaisogeza zaidi. Mkono ukaisha. Jelimo akasema ninunue miwani. Nikamweleza kwamba wachapishaji wa siku hizi wanabana wino. Akanikumbusha kwamba Biblia hiyo tulipewa siku ya harusi yetu.

Wanyonyi naye anatangaza kila mahali kwamba yeye husoma maandishi ya kiberiti bila miwani. Mwongo! Juzi alisimama kando ya barabara akingoja trekta lipite. Lilikuwa limeegeshwa tangu Juni.

Jumanne, 5 Agosti.

Mpango wa kwanza. Nimenunua miwani sokoni, kwa mwanamke anayeitundika kwenye kipande cha wavu. Alinipima. Yaani aliinua kidole akauliza ni vidole vingapi. Nikajibu kimoja. Akasema nimepona.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimeivaa. Ardhi ilipanda kunilaki. Ngazi zetu ni mbili, nilipanda tatu. Uani nikamkuta Phelista, mke wa Wanyonyi, amesimama. Nikamwamkua. Nikamuuliza habari za mgongo, nikampa pole ndefu. Kimya. Nikasema moyoni, hawa ndio watu tunaowapa binti! Jelimo akatoka ndani, akamwanua. Lilikuwa blanketi.

Kisha doa. Kila kitu kilikuwa na doa la dhahabu upande wa kulia: ng'ombe, mlango, Jelimo. Nikajua ni ugonjwa mkubwa. Nikaketi nikawaza nani atarithi kamusi. Jelimo akanisogelea, akabandua kikaratasi kilichokuwa kimegandishwa kwenye kioo.

Nimeirudisha miwani. Mwanamke amesema miwani haina kosa, kosa ni la uso.

Jumatano, 6 Agosti. Nimerudi kutoka Kitale.

Mpango wa pili, wa hali ya juu. Macho hupimwa hata Bungoma, lakini Bungoma kila benchi limekaliwa na shangazi wa Wanyonyi. Kitale sijulikani. Nikamwambia Jelimo naenda kuulizia mbegu za mahindi. Akauliza ni mbegu gani hupandwa Agosti. Nikaondoka haraka.

Kliniki ni ndogo na safi, miwani ya bei nafuu imepangwa kwenye trei. Mhudumu wa mlangoni akatangaza utaratibu. Atakayesoma kadi vizuri kwa miwani ya kwenye trei ataondoka nayo leo leo. Mwenye macho yasiyolingana atakatiwa vioo vyake, arudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Jepkorir atakuwa keshaolewa, somo limesomwa na Wanyonyi, na mimi nimekaa nyuma ya kwaya. Nikaapa: mimi ni mtu wa trei.

Nikaketi. Mzee wa kando yangu alikuwa amevuta kofia hadi puani. Kofia hiyo naijua. Wanyonyi!

Akasema amesindikiza mgonjwa. Nikauliza yupi. Akamnyooshea kidole mama mmoja wa mbele. Yule mama akahamia benchi lingine. Akaniuliza mimi nafuata nini. Nikasema mbegu. Tukatazama ukuta. Kisha, kama wakwe wenye heshima, tukakubaliana kwamba hatujaonana.

Akaitwa yeye kwanza, nyuma ya pazia. Nikasogea karibu na pazia. Nieleze wazi kwamba hakukuwa na ubaya wowote. Nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini. Sikio langu halikosei neno.

Nikamsikia akisoma kadi: "Mzee aripoteza karamu. Hakuiona mahari popote. Akara, akarara."

Ulimi wake naujua. Kwake r hukalia kiti cha l. Nikatafsiri papo hapo: alipoteza, akala, akalala. Karamu na mahari sikuzigusa, kwa kuwa ni maneno halali, yamo katika kamusi zangu zote tatu. Mzee alipoteza karamu, hakuiona mahari popote. Kisa cha ajabu, lakini siku hizi watu wanaandika chochote. Nikakikariri.

Wanyonyi akatoka na miwani puani, kama waziri. Zamu yangu. Mpimaji, dada mmoja mpole aitwaye Gladwell, akanivika miwani ya trei na kunipa kadi. Siafu, ila sasa walikuwa wamenenepa. Nikakohoa. Nikatoa sauti ya mahakamani: "Mzee alipoteza karamu! Hakuiona mahari popote!"

Gladwell akaitazama kadi. Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa nguvu zaidi, hadi pazia likatikisika.

"Mzee, hiyo mahari umeitoa wapi?"

Nikajibu kwamba hilo ndilo swali lenyewe: haionekani popote!

Akacheka hadi akashika meza. Akasema hapo pameandikwa kalamu. Na mahali. Mzee alipoteza kalamu, hakuiona mahali popote. Akaniziba jicho moja, kisha la pili, akanitazama kwenye mashine. Akasema jicho la kushoto na la kulia hayasikilizani. Vioo vikatwe. Wiki mbili.

Nikatoka mikono mitupu. Wanyonyi hayupo! Yule mama aliyehama benchi akanieleza kwamba mwenzangu alikuwa amekaa pale akijitazama kwenye kioo, akifurahi. Aliposikia sauti yangu ikisema mahari alisimama. Iliporudiwa alisema "Haya basi," akaondoka.

Sielewi kwa nini. Watu wengine hawapendi kungoja.

Alhamisi, 7 Agosti.

Balaa! Phelista amekuja asubuhi. Mara hii hakuwa blanketi. Hakuketi. Hakunywa chai. Hapa kwetu hiyo ni vita.

Akasema mume wake alirudi jana kutoka safari asiyoisema, akalala akiuangalia ukuta. Alichosema ni kwamba amesikia kwa masikio yake mwenyewe mkwe wake akiwatangazia watu wa Kitale, kwa sauti ya mnada, kwamba karamu imepotea na mahari haijaonekana popote. "Haijaonekana! Na hawa ni nini, si ni ng'ombe? Ama ati ni punda wamevaa pembe?" Ng'ombe mmoja akalia nyuma ya nyumba. Hakunisaidia.

Kwa hiyo: fahali wa karamu hatatoka zizini kwa Wanyonyi. Kwaya imeambiwa inyamaze. Derrick ameitwa nyumbani azungumzwe naye. Na kama sisi tunaona mahari haitoshi, basi msichana abaki kwetu tumtazame.

Jepkorir alikuwa jikoni, amesikia yote. Hakulia. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua hata ulipokwisha, vidole vikitembea kwenye ungo mtupu. Hilo nililiona bila miwani.

Jelimo akaniuliza mbegu zilisemaje.

Nimepata mpango. Tupeleke ujumbe kwamba Kitale kuna mtu mwingine wa mlimani mwenye sauti kama yangu. Jelimo amekataa kuupeleka. Mpango ulikuwa mzuri.

Ijumaa, 8 Agosti.

Jepkorir amenishika mkono asubuhi, akanipeleka kwa Wanyonyi kama mtu anayepeleka ng'ombe kwenye josho. Tukamkuta kibarazani, miwani yake puani, amegeukia upande.

Nikaanza kwa hekima. Nikasema sikuwa nalalamika, nilikuwa nasoma kadi.

"Mukwe, usinidanganye bana. Hiyo kadi niriisoma mimi mwenyewe. Hakuna mahari iriandikwa mahari."

Nikamwambia arudie neno la mwisho.

"Mahari."

Nikasema ndiyo hiyo hiyo. Amekiri!

"Si mahari ya ng'ombe! Mahari! Mahari pa kukaa! Mahari kama hapa!" Akapiga kibaraza kwa mkono.

Nikamweleza kwa upole kwamba tatizo liko kwenye ulimi wake. Akanijibu kwamba mimi mwenyewe naita bei "pei", na miaka thelathini hakuna aliyenisahihisha, kwa adabu tu. Nikamwambia hiyo si hoja. Derrick akatoka ndani akasimama mlangoni. Jepkorir akasimama upande wa pili. Hawakutazamana. Walitutazama sisi. Nilijiona mdogo sana.

Wanyonyi akasema basi aandike hilo neno, tuone mjinga ni nani. "Reteni karamu niandike."

Jepkorir akampa kalamu.

Nikaitazama kalamu ile mkononi mwake. Hakuna aliyeleta fahali. Hakuna aliyeleta pilau. Aliomba karamu, akapewa kalamu, wala hakushangaa.

Akaandika kwenye kiganja chake, akaninyooshea. Siafu! Sikuwa na la kufanya. Nikamvua miwani puani, nikaivaa, nikafumba jicho la kushoto. Siafu wakasimama mstarini. M, a, h, a, l, i. Maandishi mazuri, ya shule za zamani.

Nikamwomba radhi. Nikasema mahari tuliiona, tena ng'ombe ni wazuri, na yule mwekundu ana mimba. Akakikunja kiganja chake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Ati hakuiona mahari popote! Na wewe ukawaambia watu wa Kitare kwa nguvu!" Phelista akaleta chai. Nikainywa yote, ikiniunguza.

Mchungaji alipofika kutujaribu alikuta wazee wawili na miwani moja. Akashauriana na Mungu kwa muda mfupi. Kila mmoja atasoma nusu.

Jumamosi, 9 Agosti.

Harusi! Wanyonyi alisoma nusu ya kwanza, karibu yote kwa usahihi. Katikati akavua miwani, akanivika mbele ya watu. Kanisa likacheka, kisha likatulia. Nikafumba jicho la kushoto nikasoma. Mashangazi wa Kabuchai wakadhani nalia, wakaanza kulia nao. Sikuwasahihisha.

Kiplimo alikuja, na watu watatu aliowapata njiani, watu wa kilima chetu ambao sikujua kama wapo hai. Nilipomaliza, walisema amina kwa lafudhi ya nyumbani. Watu wanne tu na Jelimo, lakini ilisikika hadi nyuma. Jepkorir aligeuka akawatazama. Basi. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka.

Baada ya karamu (ya kula) Kiplimo alinivuta kando. Hewa ilikuwa safi, mlima wote uko nje. Akaniuliza nitarudi lini nyumbani. Nilikuwa bado na miwani ya Wanyonyi. Nikautazama mlima, ukayeyuka kama sabuni. Nikaivua, ukarudi, na mikunjo yake, pale pale. Nikautazama kitambo. Kisha nikamwambia Kiplimo chai inapoa.

Jumatatu, 25 Agosti.

Mambo yanaenda vizuri sana. Bwana na bibi harusi wamekaa Kitale, wanapiga simu. Mimi nasoma tena kama kijana. Kamusi ya kwanza nimefika herufi K.

Wanyonyi amepoteza miwani yake tangu siku ya harusi. Anadhani ilianguka kanisani. Hukosa raha, kwa hiyo kila jioni huja kwangu nimsomee gazeti. Namsomea. Jana alininyooshea kichwa, akanitazama puani kwa jitihada, akasema, "Mukwe, miwani yako ya Kitare ni nzuri kuriko irivyokuwa yangu."

Nikamshukuru.

Jelimo anasema ni aibu. Nimemweleza kwamba nikimrudishia hatakuja tena jioni, na gazeti halinogi ukilisoma peke yako. Akaniuliza kama hizo ndizo sababu. Nikasema ni mojawapo.

Leo Gladwell amepiga simu. Vioo vyangu vimekatwa, kushoto na kulia, kila jicho na chake. Niende Kitale kuchukua, anijaribu tena kwa kadi, ameahidi kadi mpya.

Sitarudi Kitale. Nikiwa na yangu, ya Wanyonyi nitaiwekea sababu gani?