Jino la Spika

Redio ya Mama Kahawa ndiyo iliyoleta balaa. Ilikuwa juu ya kreti, pembeni ya jiko la mkaa, ikisoma habari kwa sauti ya mafua, na wanakijiwe walikuwa kwenye benchi nje ya duka la fundi cherehani, kila mtu na kikombe chake. Mtangazaji akasema serikali imeanza kuchangia matibabu ya meno. Watoto, wazee waliofika miaka sitini na familia zenye kipato kidogo watatibiwa kwenye kliniki ya mtaa bure, au kwa kuchangia kidogo sana.

Fundi cherehani mwenyewe aliitwa Spika. Jina hakupewa kwa kelele tu, ingawa kelele alikuwa nazo. Alipewa kwa sababu alijifanya ndiye anayeongoza kikao: mtu hasemi mpaka yeye amruhusu, na akiruhusiwa hamalizi. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amebana kitambaa shavuni, na shavu lenyewe limetuna kama la mtu aliyeficha limau mdomoni.

"Nyuki," alisema kabla hajaulizwa. "Kaniuma nikifungua duka."

"Juzi ulisema mbu," alisema Rubani.

Rubani alikuwa msukuma mkokoteni. Jina alilipata kwenye mteremko wa sokoni, ambako akishaanza kushuka na mzigo, watu hupanda vibarazani wenyewe bila kuambiwa.

"Mbu alitangulia," Spika akajibu. "Nyuki kaja kumalizia kazi."

Ukweli ni kwamba lilikuwa gego, na lilikuwa limeoza siku nyingi. Alishalisukutua kwa maji ya chumvi, akalitia karafuu, akalitia tumbaku, akalibembeleza, akalitukana. Sasa hata kulala alilala ameketi. Lakini mtu anayeongoza kikao hasemi mambo ya namna hiyo mbele ya wajumbe.

"Tujadili hoja," alisema, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo. "Habari hii inamhusu nani hapa? Mimi naona hamna. Mtoto hapa hayupo. Mzee hayupo. Maskini ndiyo kabisa hayupo."

"Mzee yupo," alisema Mama Kahawa, akimwangalia Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu. Alikaa mwisho wa benchi, mgongo umenyooka kama rula, mdomo umefungwa. Watu walidhani ni mkali. "Mimi nina hamsini na nane," alisema.

"Mwalimu," Rubani akamwambia kwa adabu zote, "wakati unanifundisha darasa la pili ulikuwa na mvi. Leo mwanangu yuko darasa la pili."

"Mvi za ukoo. Zinawahi."

"Na meno?"

"Meno yalistaafu kwa hiari," alisema Mwalimu. "Na hao wa meno ya bandia waambieni, wahenga walishasema: jino la pembe si dawa ya pengo."

"Wahenga hawakuwahi kukuona ukila karanga," alisema Mama Kahawa. "Unaimumunya mpaka inaomba msamaha."

Benchi likacheka, Spika naye akacheka, akanyamaza ghafla na kushika shavu.

"Mimi nitampeleka binti yangu," Rubani akasema. "Ana jino linamsumbua, na mimi ni maskini. Wamesema maskini waende."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa pale kwa mtu aliyepo. Maskini siku zote walikuwa watu wa mtaa wa pili.

"Rubani, unatuvunjia heshima," Spika alisema. "Wewe ni mjasiriamali wa usafirishaji. Mimi ni mwekezaji kwenye sekta ya mavazi. Mwalimu ni mshauri. Mama Kahawa ana hoteli, ila haijapata kuta."

"Wala paa," alisema Mama Kahawa.

"Kuna watu wana hali mbaya. Sisi tukienda kujipanga pale tutakuwa tumekula haki ya wenzetu."

"Usafirishaji wangu una njaa," alisema Rubani. "Nitakwenda tu."

Spika akataka kumjibu, akapiga kwanza funda la kahawa ili apate nguvu. Kahawa ilikuwa ya moto, nayo ikapitia upande uliokatazwa. Akasimama. Akazunguka kreti. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu aliyeumwa na nyuki.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema Mama Kahawa, akaokota kikombe.

Jioni mke wa Spika alimkuta amekaa mbele ya sahani ya chakula kilichopoa. Siku ya pili hiyo alikuwa hajala. Mke akamgeuza uso kwenye mwanga, akapapasa chini ya taya, akakuta pamevimba na panachoma kama pasi.

"Uvimbe unashuka kooni, baba," alisema polepole. "Utakwenda kesho."

"Nikaseme mimi ni maskini? Mbele ya watu?"

"Sawa, usiseme. Ila unisaidie kitu kimoja. Watu wakija msibani wakiniuliza umekufa kwa nini, niwaambie nini? Jino, au kiburi?"

Spika akaisogeza sahani pembeni, mdomo ukiwa haufunguki vizuri.

Asubuhi akavaa suti. Alikuwa ameishona mwenyewe kwa ajili ya mteja ambaye hakurudi, na aliona kwamba kama ni lazima kuomba, ataomba amependeza. Kliniki ilikuwa imejaa: akina mama na watoto, mabibi na fimbo zao. Dirishani alikaa dada mmoja mwenye miwani.

"Umefika sitini?"

"Bado kabisa," Spika akasema, akikasirika kidogo.

"Basi kipato chako ni kidogo."

"Kipato changu," akasema kwa sauti ya chini, "kinapanda na kushuka."

"Leo kimepanda au kimeshuka?"

Spika akaona watu wote kwenye foleni wametega masikio. "Leo kimelala," alinong'ona.

"Sikusikii, kaka."

"Maskini huyo, dada," ilisema sauti nyuma yake. "Mwandike. Mimi namfahamu, tunakaa benchi moja."

Alikuwa Rubani, amemshika binti yake mkono. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayemtambulisha ndugu yake. Spika alingoja aibu imwangukie, akangoja tena, lakini yule dada alishainama kuandika, na foleni ilishageukia mtoto aliyekuwa akilia pembeni. Hakuna aliyeshangaa. Hilo nalo likamuuma kidogo. Alidhani angalau watashangaa kwa ajili ya suti.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimfunua mdomo, akachungulia. "Ungekaa nalo siku chache zaidi, usaha ungeziba njia ya hewa," alisema. "Ulikuwa unangoja nini?"

Spika akajibu kwa irabu tupu, mdomo ulikuwa na vidole.

Binti wa Rubani, aliyetangulizwa pamoja na watoto wengine na sasa amemaliza kuzibwa jino kwenye kiti cha jirani, akaja akasimama karibu yake. "Babu, usiitazame sindano," alimshauri. "Tazama juu. Mimi nilihesabu taa."

Alimwita babu, na yeye hakuwa na mdomo wa kukataa. Akatazama taa. Jino lilipong'oka alisikia kitu kama mlango mkubwa unafunguka ndani ya kichwa, maumivu yakaanza kutoka, na machozi yakamtoka pamoja nayo bila idhini yake. Ndipo alipojua jinsi alivyokuwa amechoka.

"Uma pamba hii," daktari alimwambia, akimpa na dawa za kumeza. "Na usiongee mpaka damu ikate. Hata neno moja."

Miguu ilikuwa haina nguvu kwa njaa. Nje, Rubani akamwonyesha mkokoteni. Spika akatikisa kichwa. Rubani akamwonyesha mteremko, jua na umbali. Spika akapanda. Hivyo ndivyo mwekezaji wa sekta ya mavazi alivyorudi kijiweni: amevaa suti, amekaa juu ya gunia tupu, mtoto wa darasa la pili kando yake, na mtaa mzima ukipanda vibarazani kuwapisha.

Rubani hakuwa mtu wa kutunza siri. Alisimulia yote, kipato kilicholala na machozi kwenye kiti, na Spika akasikiliza ameuma pamba. Alitikisa kidole kupinga, wakasema anaafiki. Alifumba macho, wakasema ameona haya. Hakuwahi kukaa pale muda mrefu namna ile akiwasikiliza wenzake, na aligundua kwamba Mwalimu alikuwa na mambo ya kusema.

Mwalimu alisimama. "Kwa kuwa Spika amepata dharura, kikao nitakiongoza mimi. Kwanza, niweke kumbukumbu sawa. Sitini nimefika. Nimefika, nimepita, wala sikusimama kushusha abiria." Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza wakaliona pengo lote la mbele. "Mimi si mkali. Nilikuwa naficha hili. Sasa nataka nicheke kabla sijafa."

Hakuna aliyecheka mpaka alipoanza mwenyewe. Mama Kahawa alipangusa macho kwa pembe ya khanga, akadai ni moshi, akasema ana magego mawili yanayomtesa tangu alipojifungua mtoto wa mwisho.

"Natoa hoja, basi," Mwalimu akaendelea. "Kwamba sisi wote wa benchi hili ni maskini, na kwamba kesho asubuhi tunakwenda kliniki pamoja. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," walisema.

"Wasioafiki waseme siyo."

Wote wakageuka kumtazama Spika. Spika akavuta pumzi, akatazama mbele, akauma pamba.

"Walioafiki wameshinda," alisema Mwalimu, akaketi.