Vani ya Kiti Kimoja

Jumatatu, 3 Juni

Nimenunua gari! Mimi!

Kipipi wangu anatimiza mwaka Jumamosi, na safari hii watu watakuja. Alipozaliwa alikuja wifi peke yake, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari, akaondoka. Nimewaza sana nikaona kosa si langu. Kosa ni la nyumba. Iko mwisho kabisa wa barabara, nani atajikokota mpaka huku? Basi mimi nitawafuata na vani, niwajaze, niwalete. Baba Kipipi yuko kazini mbali na simu yake inashika kwa kubahatisha. Nitamwambia gari likishafika. Hela ni ile aliyoniachia ya kuweka dari. Nani anaangalia dari?

Dalali wa magari ameniapia kwamba vani imefanyiwa kila kitu.

Jumanne, 4 Juni

Kila kitu kweli. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mpenda muziki. Aling'oa viti vyote akajaza spika mpaka juu. Kimebaki kiti cha dereva tu. Nikamuuliza dalali, sasa abiria watakaa wapi? Akasema, "Dada yangu, hii si gari ya abiria, hii ni gari ya heshima."

Kuendesha sijui bado, kwa hiyo aliniletea yeye. Yeye ndani, mimi nyuma kwa miguu, Kipipi mgongoni. Siku ya kwanza ya kuwa na gari nimetembea kuliko siku zote nilizokuwa sina. Ila taa za rangi zilikuwa zinawaka nyuma, Kipipi akacheka njia nzima. Sijuti!

Jumatano, 5 Juni

Jana niliona aibu kuandika kwamba vani haikufika nyumbani. Imeshushwa mno, tumbo linakwangua ardhi. Imepanda tuta la barabarani ikakaa palepale, na tuta lenyewe liko mbele ya saluni mpya ya wifi. Anaifungua Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo! Mtaa mzima umealikwa.

Leo asubuhi wifi akatoka na kitana mkononi, akaniuliza mbele za watu, "Wifi, hiyo gari imelala au imekata roho?" Nikamjibu inapumzika. Walicheka wote, hata fundi bomba aliyekuwa ameinamia mfereji akainua kichwa acheke. Nikacheka nao. Raha kucheka na watu, hata kama kinachochekwa ni wewe.

Wakaisukuma hadi pembeni, kila mtu akaenda zake. Nilitamani ikwame tena.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata dawa. Mratibu wa sherehe! Ana ofisi juu ya duka la vioo, viatu vinalia ko ko ko, na anaandaa mpaka misiba. Aliniuliza wageni ni wangapi. Nikasema wengi. Akaniomba namba zao za simu. Nikampa ya wifi. Akasubiri. Nikamwambia na ya baba Kipipi, ila hatakuwepo.

Alinitazama kidogo, kisha akasema kwa upole nisijali, wapo wajazaji. Hao ni watu wake wa kazi. Upande mmoja wa harusi ukiwa na watu wachache, anawaleta wakae kwenye viti, wapige makofi, wamsifie bi harusi. Sikujua kama kuna kazi hiyo! Ningeiomba mimi.

Malipo tumekubaliana: yeye achukue spika, mimi nipate sherehe. Vani sasa ni sanduku lenye usukani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefagia mara mbili. Nimeazima viti. Wifi kapita, kauliza viti vyote hivyo vya nani. Nikamwambia vya marafiki zangu. Akasema, "Marafiki gani tena, wifi? Tangu lini?" Nikajifanya Kipipi ananiita. Kipipi hajui kusema bado.

Baba Kipipi kapiga, sauti ikakatika kabla sijafika kwenye habari ya gari. Nikaendelea kuongea na simu kwa muda. Kipipi alikuwa anasikiliza.

Jumamosi, 8 Juni

Walikuja! Nyumba ilijaa! Wamepiga pasi, wamejipulizia manukato, wananiita mama Kipipi kama wananijua tangu utotoni. Mmoja alianza kulia kwa sauti pale mlangoni, "Jamani, bado alikuwa mdogo!" Mwenzake akamfinya akamwambia leo ni sherehe ya kuzaliwa, msiba ni kesho. Akafuta machozi hapohapo akaanza kupiga makofi. Fundi kabisa!

Kipipi alipitishwa mkono kwa mkono mpaka akafika kwa mama mmoja mwenye kilemba cha njano, akalala kifuani pake. Mratibu akapiga mluzi: muda umekwisha, kuna harusi inawasubiri. Wote wakasimama kwa pamoja. Katikati ya wimbo!

Mama Kilemba alibaki nyuma kidogo. Hakutaka kumwamsha mtoto. Akaniuliza naishi na nani. Nikasema na mume wangu, ila yuko safarini. Akauliza, na mchana unashinda na nani? Nikamwonyesha Kipipi. Akasema yeye anakaa ng'ambo ya mfereji, sijui kwa nini hatujawahi kuonana. Kisha wakamwita.

Nilikaa kwenye kila kiti, kimoja kimoja, mpaka Kipipi akaamka.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi hodi mlangoni. Mama Kilemba! Leo hana hata kilemba, kavaa kanga ya nyumbani na ndala. Nikashtuka, nikamwambia mama samahani, mimi sijaagiza mtu leo. Akacheka mpaka akashika ukuta. "We mtoto nawe! Nimekuja tu. Huniruhusu kukaa?"

Akakaa. Akanichambulia mchele. Akanisuka nywele, akanisema kwa habari ya vani mpaka nikacheka machozi yakanitoka. Hakuangalia saa hata mara moja. Wamefundishwa vizuri hawa watu!

Alipoondoka akasema atapita tena Jumatano. Haraka nikamwandikia mratibu: mgeni wenu wa nyongeza kafika, asante sana, kazi yake nzuri mno, na huyo wa Jumatano namtaka yeye yule, msinibadilishie.

Mratibu kajibu kwamba hajamtuma mtu.

Mnyenyekevu yule dada mratibu! Hataki hata kushukuriwa. Kesho nakwenda kumuuliza kama kwa malipo ya Jumatano anataka usukani.